Unakwenda kwa Watu wa Baba Yako

Palwasha mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Fordsburg kununua zawadi, nami nimebaki dukani na mapazia ya watu. Nimefunga mlango nusu, nimesogeza cherehani pembeni, naandika juu ya meza ya kukatia. Mtarudi kabla ya magharibi. Kesho mchana utakuwa angani. Sitakuandikia habari za sweta wala dawa wala maji ya kuchemsha. Hayo umeyasikia mpaka juzi ukaniambia, "Mama, eish, nimesikia."

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, ukitikisa midomo, na maneno mengine yatakupiga chenga. Lakini huko bondeni kwa kina baba yako hakuna mtu mwingine atakayeweza kuisoma barua hii. Bibi yako hataweza, ami yako na hiyo shule yake hataweza, binamu zako wote hawataweza. Ndicho kitu pekee ninachokupa ambacho wao hawakigusi. Unaona? Wivu umenitangulia hata kabla sijakusalimia. Basi salaam aleikum, mwanangu. Acha nikueleze wivu huu ulikotoka, maana umeishi nao nyumba moja miaka mingi bila kujua jina lake.

Nilipofika Johannesburg kutoka Tanga nilikuwa na umri kama wako. Nilishona kwenye chumba cha nyuma cha duka, na baba yako aliuza mablanketi pale mbele. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia blanketi, changu cha kupimia madirisha. Siku moja akaniuliza mimi ni kabila gani. Nilishtuka. Mimi nimelelewa kwamba mtu haulizwi hivyo mchana kweupe. Shuleni tulifundishwa kuwa sisi ni Watanzania, tukaimba, tukaamini, na mimi mpaka leo naamini. Tukisema Chidigo, lugha ya nyumbani, uwanjani mwalimu alitutazama tu, nasi tukageuza ulimi wenyewe.

Nikamjibu, "Mdigo." Akataka kujua Wadigo wako wapi. Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikapiga mstari kwenye kitambaa. Huku Duga, kwetu, Tanzania. Huku Lungalunga, Kenya, kwa mama zangu wadogo. Watu walewale, mstari katikati. Aliukodolea macho. Kisha akaninyang'anya chaki, akapiga wake pembeni. Huku bonde la mama yake, Pakistan. Kule ng'ambo ya mlima, Afghanistan, kwa wajomba zake. "Pashtuni," akasema, akigonga huku, akagonga na kule. "Pashtuni." Tulicheka kama wajinga. Kitambaa kilikuwa cha mteja, nacho kikaharibika, na tangu siku hiyo nikawa namngoja aje kule nyuma.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mistari ile haikufanana. Wangu tuliuvuka kwenda harusini, na askari wa mpakani akituuliza bibi harusi ni mtoto wa nani. Wake uliwekwa na wakoloni juu ya mlima, halafu bonde lao likaachwa na sheria zake peke yake. Mmoja akikosa, ukoo mzima unaadhibiwa. Vita vikaja, wakahamishwa, wakakaa Peshawar kwenye nyumba za kupanga, wakarudi na kukuta kuta bila mapaa. Mwishowe wakaambiwa sasa mmeunganishwa na mkoa, ninyi ni raia kama wengine. Wewe ulikuwa shule siku habari ile ilipofika. Baba yako alikuwa anakunja blanketi. Akasema, "Wametuunganisha kwenye karatasi. Barabarani bado naulizwa mimi nani."

Nikamwambia, kwa kiburi cha Mtanzania, kwamba labda wangekubali kuwa taifa moja tu, wakaacha kushikilia kabila, wasingeulizwa. Alinijibu taratibu, na jibu lile sijawahi kulishinda. "Mwanahawa, wewe ulipewa taifa, nalo likakukumbatia, ukalipenda. Mimi nililipenda kwanza. Nilikuwa naimba kama wewe. Ni lenyewe lililosita."

Hayo ya baba yako niliyameza. Nililoshindwa kumeza ni wewe.

Siku uliyozaliwa simu zilipigwa mbili. Mama yangu alipiga toka Duga. Kwetu, Wadigo wa zamani, mtoto alihesabiwa kwa mama. Shamba lilipita kwa mjomba, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti. Siku hizi mambo yamebadilika, lakini mama alikuwa wa zamani hasa. Akasema, "Mtoto wa binti yangu ni wangu. Wa mwanangu wa kiume ndiye wa kubahatisha." Tulicheka. Jioni akapiga mama wa baba yako, simu inakwaruza, na baba yako akanitafsiria. "Anasema tumepata binti." Nikauliza, "Mmepata nani na nani?" Akasema, "Sisi. Ukoo." Mimi nilitaka uitwe Siti. Ukaitwa Palwasha, mwali wa nuru, na jina ni zuri, sikatai. Nililala pale na nyuzi zangu za upasuaji, nikawaza kwamba pande mbili za dunia zinakugombania na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekunywa chai.

Ukakua hapa Kensington. Nilikusemesha Kiswahili ukanijibu Kiingereza. Kwenye spaza ya kona ulinunua mkate kwa Kizulu, na mwenye duka akakuita dada yake. Siku moja nilikuja kukuchukua shule, nikakuita kwa sauti, "Njoo mwanangu, tumechelewa," ukaniambia pale robot, kwenye taa za barabarani, macho chini, "Mama, ukiwa hapa sema Kiingereza." Nikasema Kiingereza. Sikugombana na wewe. Nilijiambia mtoto anaelewa, inatosha, lugha atairudia akikua. Ndivyo nilivyofanya na Chidigo changu pia, nikijiambia nitakirudia. Nilikuwa mvivu, mwanangu, nikauita uvivu huo upole.

Ulipomaliza shule ya sekondari mtandao ukafika bondeni, na bibi yako akajifunza kupiga simu ya video. Mwanzoni mlipungiana mikono tu. Baada ya miezi mkawa mnaongea. Nilikuwa nasikia toka chumba cha pili. Wewe, uliyeona haya kusema "shikamoo" mbele ya rafiki zako, unaviringisha ulimi kwa sauti zile za kooni kama uliyezaliwa mlimani. Ulimwita Ana. Ndivyo wanavyomwita bibi. Kwetu "ana" ni neno linalosubiri lingine. Ana njaa, ana homa, ana wageni. Kila ulipoita "Ana!" masikio yangu yalingoja, ana nini? Kumbe kwako limeshakamilika.

Unakumbuka ulivyokuwa unalalamika kwamba nashona kila unapopiga simu? Sikuwa na kazi yoyote ya kushona. Nilikanyaga cherehani kwenye vipande vitupu, tr-r-r-r, ili nisisikie mnavyocheka. Mara moja ulinigeuzia simu, ukasema, "Mama, Ana anauliza umekula?" Nikasema, "Mwambie nimekula tangu saa saba." Ukatafsiri kwa maneno mengi kuliko niliyoyasema. Nilijua umenipamba, na hilo nalo likaniuma.

Halafu ukaja ule mkutano wa Newtown. Ami yako alikuwa amezuiliwa kitambulisho chake. Walimwambia athibitishe kwamba hakutoka ng'ambo ya mstari, yeye aliyezaliwa, akasoma na kufungua shule ya wasichana upande huu. Bila kitambulisho hawezi kuandikisha hata laini ya simu. Vijana wa Kipashtuni wa hapa mjini wakaitisha mkutano kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa wale waliochukuliwa wasirudi. Ulisema unakwenda. Mimi na baba yako tukaja nyuma yako, nikasimama karibu na mama anayeuza magwinya, maandazi ya huku, nikanunua moja ili nionekane nina shughuli.

Wanaume wengi, kofia zao za duara, picha za watu vifuani. Nilidhani utasimama pembeni. Ukapanda kwenye lile jukwaa la makreti, ukashika kipaza sauti, ukasema kwa lugha yao. Sikuelewa hata sentensi moja. Niliona wanaume wazima wakifuta macho kwa ncha za shuka. Sauti iliyokuwa inatoka kwako ilikuwa ya mama yangu mimi, ile ile aliyoitumia misibani, nene, isiyo na haraka. Nilitaka kupiga kelele kwamba sauti hiyo ni ya Duga, rudisheni.

Mzee mmoja, baba yako akiwa kando yangu, alinijia mkono kifuani. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu, nami nakigeuza, "Dada, asante kwa kutuzalia binti huyu."

Kutuzalia. Niliondoka palepale.

Ulirudi nyumbani umechangamka, ukasema ami yako anahitaji mwalimu wa hesabu na Kiingereza, na wewe cheti cha ualimu unacho. Nikakuambia maneno unayoyakumbuka. Kwamba wewe si Mpashtuni. Kwamba huko watakutazama ngozi na nywele wakuulize ulitokea wapi. Kwamba wewe ni mtoto wangu, Mdigo, na kwa Wadigo mtoto ni wa mama.

Kisha ukasema, "Mama, Kidigo gani? Sijawahi kukusikia ukikisema. Ana alipigwa mabomu akakishika cha kwao. Wewe nani alikupiga?"

Nilikaa chini. Baba yako akakukemea kwa kunijibu hivyo, nikamwambia akuache. Nilitafuta aliyenipiga, mwanangu, sikumpata. Alikuwepo mwalimu aliyetutazama. Kulikuwa na wimbo mzuri wa nchi nzuri. Na mimi mwenyewe nilipenda kuwa mtu wa wote. Siujutii Utanzania wangu, na usije ukadhani nakuambia uuchukie. Lakini niligundua siku ile kwamba wivu wangu ulikuwa mkubwa kuliko bibi yako. Niliwaonea wivu watu wenye msiba. Wao wana jeraha linalomwita binti yangu kwa jina, mimi nina nini cha kumwitia? Ni aibu kuuonea wivu msiba wa watu, na nimeubeba wivu huo mpaka leo hii naandika.

Kilichonishangaza ni baba yako. Nilidhani atafurahi. Kumbe yeye ndiye aliyekataa kuliko mimi. Alikuambia, "Nimekuja mpaka huku kusini ili mwanangu asisimamishwe barabarani akaulizwa yeye nani."

Ukamuuliza, "Hapa je, Baba? Hapa hatuulizwi?"

Sote tulijua unasema siku gani. Siku wale vijana walipopita barabara kuu wakifungisha maduka ya wageni, baba yako akashusha shata, nasi tukajificha nyuma ya mablanketi. Wewe ulitoka kwa mlango wa pembeni ukiwa na sare ya shule. Niliona kwa upenyo. Mmoja akakuuliza unatoka wapi, ukamjibu kwa Kizulu, "Ngingowalapha," mimi ni wa hapahapa. Wakapita. Baba yako alikukumbatia akilia. Mimi nilikushukuru, na usiku wake nikakionea wivu hata Kizulu, kwa kuwa ndicho kilichokuokoa badala yangu.

Baba yako akaniangalia mimi, nami nikaangalia mapazia. Ndipo nilipojua utakwenda.

Wiki kadhaa baadaye bibi yako alipiga ukiwa kazini. Simu yako uliisahau mezani. Baba yako alikuwa ghalani. Sijui nini kilinituma kupokea. Nikaona uso wake wote kwa mara ya kwanza, maana siku zote nilikuwa napita nyuma yako kwa haraka. Meno mawili ya mbele hayapo. Ana macho ya baba yako. Tukasalimiana kwa salamu ya dini, halafu maneno yakatuishia. Tukakaa tunatazamana, wanawake wawili wazima, hakuna aliyekata simu. Nikamwita baba yako aje.

Nikasema, "Mwambie hivi, usipunguze. Mwambie namwonea wivu. Mwambie amenichukulia mwanangu."

Baba yako alisita. Nikamkazia macho. Akasema. Bibi yako alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nikadhani amekasirika. Kisha akaongea kwa muda mrefu, na baba yako akaanza kutafsiri, akaacha, akaanza upya.

"Anasema, na mimi je? Wewe umekaa na mwanangu tangu ana nywele nyeusi. Mvi zote hizi zimeota mbele yako, mimi sijaona hata moja ikiota. Hujui nilivyokuwa nikikuapiza. Kila Idi nilikuapiza, halafu namwomba Mungu asinisikie, maana nani atampikia."

Nikacheka. Sikutegemea. Na yeye, alipoona nacheka, akacheka kwa yale mapengo yake. Nikamuuliza, "Utamrudisha?" Baba yako akatafsiri. Bibi yako akafuta macho, akajibu neno moja fupi. Baba yako akasema, "Anasema, wewe ulimrudisha wa kwake?"

Sina la kuongeza hapo, mwanangu. Nilikuwa na umri wa kutosha, na ndiyo kwanza siku ile nilifikiria kwamba hata mimi nimekaa na mtoto wa mtu. Tangu hapo cherehani nimeiacha inyamaze mkiongea. Usidhani wivu umeisha. Umepata mwenzake tu.

Sasa nikuambie la huko uendako, na hili sikukuambia kwa kinywa kwa sababu uso wangu ungenisaliti. Itafika siku watu wa baba yako watakwambia wewe si wao. Labda ni askari kwenye kizuizi atakayekigeuzageuza kitabu chako cha safari, akutazame, asielewe mtu mweusi anasemaje Kipashto kama mama yake. Huyo ni mwepesi. Mgumu ni shangazi jikoni, au mama mwenye mtoto wa kiume wa kuoa, atakayesema chini kwa chini kwamba damu imechanganyika. Wale wanaoulizwa kila siku na wakubwa wao nao huuliza. Siku hiyo usinipigie mimi kwanza. Mpigie baba yako. Mimi nitakuhurumia, lakini ndani yangu kuna sehemu itakayofurahi, itakayosema si nilikuambia, rudi nyumbani. Sitaki ufuate sauti hiyo. Lia, nawa uso, uingie darasani. Hao wasichana hawakukosea kitu. Kisha nipigie kesho yake.

Na usijipunguze ili wakukubali. Mimi nilijipunguza kwa hiari, kidogo kidogo, kwa nchi niliyoipenda na iliyonipenda, na bado kuna kitu nilikipoteza ambacho nilikitafuta siku uliponiuliza, sikukiona. Kama mtu anaweza kupoteza hivyo mahali alipopendwa, jihadhari zaidi pale utakapokuwa unapimwa.

Jana asubuhi ulikuwa unaosha vyombo, unajifunza kwa sauti majina ya mababu wa baba yako, yale ambayo bibi yako amekuambia utaulizwa ukifika. Mwana wa fulani, mwana wa fulani, mpaka juu, wanaume watupu. Ulikuwa unayaimba. Nilisimama mlangoni na kikombe, nikasikia ule moto wangu wa zamani ukipanda. Safari hii sikuondoka. Niliingia chumbani nikampigia mama mdogo, Lungalunga. Nikamwambia anitajie kina mama zetu. Akashangaa, "Kwani umefiwa?" Nikamwambia binti yangu anasafiri. Akayataja, mimi nikirudia, na tulipofika kwa mama wa bibi yake akanisahihisha mara mbili, kwa Chidigo, na nikaelewa kila neno. Nilijibu kwa Chidigo pia. Kilitoka kimekwaruzika, kama mlango wa nyumba iliyokaa bila watu, lakini kilitoka.

Basi shika. Mwanahawa, mtoto wa Mejumaa. Mejumaa wa Mwanasha. Mwanasha wa Nimbeyu. Nimbeyu wa Mwajuma, aliyezaliwa kabla mstari haujapigwa, akawa analima huku na kuteka maji kule. Juu ya hapo mama mdogo hajui, na hakuna aliye hai anayejua.

Watakapokukalisha na kukutajia wazee wao, wasikilize mpaka mwisho, kwa heshima, usiwakatize. Wataje na wewe, maana ni wako pia, sibishi tena. Wakinyamaza, wataje na hawa. Watakuambia kwao wanawake hawahesabiwi. Wataje hivyo hivyo, kwa sauti ile uliyoitumia Newtown.

Anza na mimi.

Mama yako,
Mwanahawa